Kupamba Nyumba kwa Vyombo vya Kale na Kazi za Mikono za Meksiko: Mwongozo wa Mwenye Nyumba

Kwa nini kwanza, vipi baadaye

Chombo cha nyumbani kilichotengenezwa kwa mkono huko Meksiko, liwe kasha la msonobari kutoka Michoacán au meza nzito ya mezquite kutoka nyanda kavu za kaskazini, hakithaminiwi kwa unyoofu wa vipimo vyake wala kwa mng'aro wa uso wake, bali kwa alama mbili zilizokaa juu yake: alama ya mkono uliokitengeneza, na alama ya kazi ambayo kimeifanya kwa miaka. Thamani yake yote imo humo. Anayenunua chombo chenye alama za kughushi amenunua hasara. Na anayenunua chombo cha kweli, kisha akakisugua kwa msasa hadi kikafanana na cha jana, amejitia hasara ile ile kwa mlango mwingine. Mwongozo huu, ndugu msomaji, umekusudiwa kukuwezesha kuzisoma alama hizo kabla hujatoa fedha, kukifikisha chombo salama, kukiweka mahali panapokistahili, na kukitunza pasipo kuifuta historia yake.

Aliyelelewa katika nyumba za pwani yetu hatajiona mgeni mbele ya vyombo hivi, wala hilo si jambo la kubahatisha. Wahispania walioiteka nchi ya Waazteki mwaka 1521 walitoka katika rasi iliyotawaliwa na Waislamu kwa karne nyingi, na pamoja nao zilivuka bahari nakshi za mistari na nyota, vigae vya rangi na kuta za chokaa, zikakutana na ustadi wa Wazapoteki, Wapurépecha na Wanahua. Kisha, tangu mwaka 1565 hadi 1815, merikebu za Manila zilishusha Acapulco kaure za Kichina, wafinyanzi wa Puebla wakaiga buluu yake juu ya weupe. Na kaure za Kichina ndizo zilizopangwa katika zidaka za nyumba za Lamu na Zanzibar. Kwa hiyo bakuli la Puebla na kiti cha enzi cha Kiswahili vyaweza kukaa chumba kimoja bila kugombana.

Vijue vyombo kwa mahali pake

Muuzaji akikutajia mji, amekutajia mali ghafi na namna ya kuipima. Jifunze angalau hivi:

- Samani za mbao. Mezquite ni mti mgumu, mwekundu wa kahawia, usiojikunja sana majira yabadilikapo. Ni wa jamaa moja na mathenge uliotapakaa Baringo nchini Kenya. Msonobari ni mwepesi na laini, hivyo huonyesha upesi alama za kazi. Kijiji cha Cuanajo, karibu na Pátzcuaro katika Michoacán, chajulikana kwa samani zilizochongwa maua na kutiwa rangi.
- Equipal. Ni kiti cha mviringo cha Zacoalco de Torres, Jalisco, chenye vibao vyembamba vilivyopishana mshazari chini ya kikalio cha ngozi. Asili yake yatangulia kufika kwa Wahispania.
- Talavera. Ni vyombo na vigae vya Puebla na baadhi ya miji jirani, vyenye utando wa kioo uliochanganywa na bati. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ufundi huu, wa Meksiko na wa Hispania pamoja, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.
- Udongo mweusi wa San Bartolo Coyotepec, Oaxaca. Mng'aro wake hutokana na kusuguliwa kabla ya kuchomwa, ufundi ulioenezwa na mfinyanzi Doña Rosa Real katikati ya karne ya 20. Mtungi ung'aao namna hii ni pambo, kwa maana huvuja maji.
- Shaba nyekundu ya Santa Clara del Cobre, Michoacán. Hufuliwa kwa nyundo, na kila pigo huacha kijishimo chake.
- Mazulia ya Teotitlán del Valle, Oaxaca. Ni ya sufu, hufumwa na Wazapoteki kwa kitanda cha mfumi kikanyagwacho kwa miguu, na yaliyo bora hutiwa rangi ya nili na ya kochinili, mdudu mdogo aishiye juu ya mpungate.
- Makasha ya Olinalá, Guerrero. Hupakwa rangi juu ya rangi kwa mafuta ya chia, na yale ya mti wa lináloe hutoa harufu nzuri kila yafunguliwapo. Aliyezoea kufukiza udi katika kanga zake atajua papo hapo pa kuliweka kasha hili.

Hatua saba za kukagua chombo cha mbao

Kagua mchana, mlangoni au uwanjani, kwa maana taa ya duka husitiri mengi. Chukua futi ya kupimia, tochi, na waya mwembamba.

1. Anzia nyuma na chini. Uso wa mbele hutengenezwa ili upendeze, lakini mgongo hakuna aliyeupamba. Mbao za zamani huwa hazijalainishwa nyuma. Utaona mawimbi mafupi ya tezo au mikwaruzo iliyonyooka ya msumeno wa mkono. Ukiona mistari ya upinde, tena sawasawa, huo ni msumeno wa duara wa mashine.

2. Tazama viungo. Fundi wa kale aliingiza ulimi wa mbao katika tundu na kuukaza kwa kijiti, na kijiti hicho, baada ya mbao kusinyaa, aghalabu hujitokeza kidogo. Upitishapo kidole utakihisi. Skrubu zenye kichwa cha msalaba, zikiwa ndizo zinazoshikilia kiungo, ni za siku zetu.

3. Chunguza misumari na bawaba. Msumari uliofuliwa na mhunzi una pembe nne na kichwa kisicho sawa. Msumari wa waya, mviringo, ulienea tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mmoja wa waya waweza kuwa wa matengenezo. Yote ikiwa ya waya, usikubali kuambiwa kwamba chombo ni cha miaka mia tatu.

4. Pima mara mbili. Mbao husinyaa kwa upana kuliko kwa urefu. Pima kipenyo cha meza ya mviringo kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha kwa kuzikata. Meza ya kale ya kweli aghalabu haitakupa kipimo kimoja.

5. Tafuta uchakavu mahali pa haki. Mbao huliwa pale pagusapo mkono na mguu: ubavuni mwa komeo, ukingo wa chini wa droo, na ubao wa mbele wa kiti ambapo visigino viliegemea. Uchakavu ulioenea sawasawa kila pembe, hata mahali pasipofikiwa na mtu, ni kazi ya mnyororo na nyundo ya mghushi.

6. Ingiza waya katika matundu ya wadudu. Mdudu hupekecha kwa kupinda. Tundu likienda moja kwa moja, limechimbwa kwa keekee. Kisha gonga chombo juu ya karatasi nyeusi: unga mpya, mweupe, ukidondoka, wadudu yamkini wangali hai.

7. Soma rangi pembeni. Pale ilipobanduka, rangi ya kale huonyesha tabaka, mathalan kijani juu ya buluu juu ya nyekundu. Rangi moja iliyokwanguliwa ili ubao mpya, mweupe, uonekane chini yake ni umri wa kubandikwa.

Yawezekana ukaona mlango wa kale uliogeuzwa kuwa meza, au kabati jipya lililoundwa kwa mbao za nyumba iliyobomolewa. Hivyo si haramu wala si aibu, maadamu muuzaji amekuambia kweli na bei imefuata ukweli huo.

Kupima vyombo vingine

- *Talavera:* geuza chombo. Kilichothibitishwa huwa na jina au alama ya karakana chini yake, na hati. Weupe wake si wa maziwa matupu, waelekea rangi ya pembe, na una vitundu vidogo. Rangi zake huinuka kidogo juu ya uso, na kidole huzitambua.
- *Zulia:* la Teotitlán halina manyoya, na pande zake mbili hufanana. Kwa idhini ya muuzaji, vuta uzi mmoja uuchome: sufu hunuka kama unywele na kuwa jivu linalovunjika, na uzi wa kiwandani huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Kisha sugua kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikipata wekundu, rangi haikushika.
- *Shaba:* shika uzito wake na usome mapigo. Vijishimo vilivyolingana vyote ni vya mashine.

KISANDUKU CHA HADHARI

> Sheria ya mambo ya kale. Kwa sheria ya Meksiko ya mwaka 1972, vitu vilivyotengenezwa kabla ya kuja Wahispania ni mali ya taifa, na kuvitoa nchini ni kosa. Usinunue hata kipande, ujapoambiwa kwamba kimeokotwa shambani. Vitu vya kanisa na vya historia vya karne ya 16 hadi ya 19 vyahitaji idhini ya INAH, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1939. Michoro na sanamu za ibada zimeibwa makanisani mara nyingi. Pasipo hati, usinunue.
>
> Miti inayolindwa. Granadillo ni ndugu wa mpingo wetu, na jamii yote ya miti hiyo imo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, tangu mwaka 2017. Uliza jina la mti, na uulize hati.
>
> Risasi. Vyungu vingi vya udongo laini vilivyong'arishwa kwa mtindo wa kale vina madini ya risasi katika utando wake, na rangi za kale za milango pia zaweza kuwa nayo. Usitie katika vyungu hivyo ndimu, siki, ukwaju wala chakula chochote mpaka chombo kipimwe. Wala usikwangue rangi ya kale kwa msasa mkavu ndani ya nyumba yenye watoto.
>
> Ngozi. Equipal aghalabu huvishwa ngozi ya nguruwe. Ikiwa dini yako yakukataza, uliza kabla ya kulipa, kwa sababu vimo pia vya ngozi ya ng'ombe.
>
> Shaba tupu. Chakula chenye uchachu huila shaba. Sufuria isiyopakwa bati ndani iwe pambo.

Kununua na kusafirisha

Nunua karibu na mkono uliotengeneza kadiri uwezavyo, kwa kuwa fundi pekee ndiye awezaye kukujibu kuhusu mti, rangi na muda. Tonalá, kando ya Guadalajara, ina soko kubwa la barabarani kila Alhamisi na Jumapili, na jirani yake Tlaquepaque ina maduka yaliyotulia zaidi. Patana bei kwa staha; zulia lililofumwa kwa miezi si la kushushwa bei hadi mfumaji auze kwa shida yake.

1. Kabla ya kununua, pima mlango wa nyumba yako, ngazi na kona zake. Kabati lisilopita mlangoni ni mzigo.
2. Muulize wakala wa forodha wa bandari yako kodi na hati zinazotakiwa. Jibu lake litangulie malipo yako.
3. Taka risiti inayotaja mti, umri uliokisiwa, mji na jina la fundi au karakana.
4. Hakikisha masanduku na vibao vya kufungia vina muhuri wa kimataifa wa mbao zilizopashwa moto nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30. Pasipo muhuri huo, shehena yaweza kuzuiwa bandarini.
5. Ondoa droo na milango, ifunge mbali mbali kwa blanketi. Usiifunge mbao kwa nailoni pekee, maana jasho litakalofungika humo litazaa ukungu.
6. Chombo kikifika, kiweke chumbani mbali na jua, kipoza hewa na hita, ukiache kwa wiki kadhaa kabla ya kukifanyia tengenezo lolote. Mbao iliyotoka nyanda kavu huvimba Mombasa na Unguja, na hupasuka katika nyumba za Marekani ya Kaskazini zipashwazo moto kipupwe kizima.

Kupanga nyumbani

Shabaha si kuifanya sebule ifanane na duka la watalii. Mwanzo mwema wa kujifunza ni nyumba aliyojijengea msanifu Luis Barragán huko Tacubaya, jijini Mexico City, mwaka 1948, ambayo UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2004: kuta ni pana na tupu, rangi zimetumiwa kwa ujasiri lakini mahali pachache, na ngazi ya maktaba ni vibao vizito vya msonobari vitokavyo ukutani bila mkono wa kushikia. Mbao nzito ilipewa ukuta mtupu, nayo ikasikika. Fuata utaratibu huu:

1. Andaa ukuta. Chokaa nyeupe au rangi ya udongo hufaa kuliko rangi ya mafuta inayong'aa, kwa kuwa uso usiong'aa hauvutani na chombo.
2. Chagua chombo kimoja kikubwa kwa kila chumba. Kabati sebuleni, meza chumba cha kulia, kasha miguuni pa kitanda. Vingine vyote vifuate ukubwa wake.
3. Kipe kila chombo kazi. Kasha lihifadhi mashuka, benchi likaliwe, bakuli lililothibitishwa lipakuliwe wali. Chombo kinachotumika hutazamwa kila siku, hivyo kasoro yake huonekana mapema.
4. Tumia vigae kwa kiasi. Ukingo mmoja wa ngazi, au ukuta wa nyuma ya jiko, watosha. Vigae vya talavera havistahimili sana mikwaruzo ya sakafu yenye nyayo nyingi.
5. Changanya kwa haki. Weka cha Meksiko kando ya cha nyumbani kwenu, mkeka wa ukindu chini ya benchi la mezquite, kisha uache nafasi kati ya kimoja na kingine. Asiyependa sanamu nyumbani atachagua nakshi za maua na za mistari, nazo ni maridhawa.
6. Linda watu. Kabati refu lifungwe ukutani. Kifuniko cha kasha kiwekewe mkono wa kukizuia kisianguke juu ya vidole vya mtoto. Taa za bati lililotobolewa zina kingo kali, na umeme wa Meksiko ni volti 127 ilhali wa Afrika Mashariki ni takriban 230 hadi 240. Mwite fundi umeme abadilishe nyaya, kishikio na balbu.

Kutunza

- Futa vumbi kwa brashi laini, kisha kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Maji yasitiririke juu ya mbao.
- Paka nta ya nyuki, tabaka jembamba, mara moja au mbili kwa mwaka. Ukitumia mafuta ya kitani, tandaza vitambaa vyake nje vikauke au vizamishe majini: vikirundikwa vyaweza kushika moto vyenyewe.
- Acha nafasi ya vidole vichache kati ya samani na ukuta, hewa ipite.
- Droo ikikwama wakati wa masika, sugua mshumaa kwenye reli zake na usubiri kiangazi. Aipigaye randa mbao iliyovimba ataona mwanya itakapokauka.
- Chombo kidogo chenye wadudu kifungwe vizuri katika mfuko na kuwekwa katika friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili. Kikubwa kipelekwe kwa mtaalamu wa kufukiza. Mafuta ya taa yasipakwe kamwe.
- Geuza mazulia mara kwa mara, yasibaki upande mmoja juani, na uyapunge ili nondo wasizalie humo.

Makosa yanayotendeka mara kwa mara

- Kusugua na kupaka vanishi inayong'aa. Hapo ndipo alama zote mbili hufutwa siku moja.
- Kubadilisha komeo na bawaba za mhunzi kwa za dukani kwa sababu zalia. Tone la mafuta latosha.
- Kununua vingi safari ya kwanza. Anza na kimoja, uishi nacho.
- Kusafisha shaba kwa ndimu na chumvi kila wiki. Weusi wake ni sehemu ya uzuri wake.
- Kuamini umri kwa sababu ya vumbi. Vumbi huja kwa wiki moja.

Usipoweza kuagiza

Gharama ya merikebu ikikushinda, usinunue cha kuigiza. Mwendee seremala wa kwenu, umwonyeshe picha, umwagize meza ya mathenge au ya mwembe yenye viungo vya ulimi na vijiti, bila skrubu, na uso ulioachwa na alama za randa. Itakuwa mpya, na iitwe mpya. Lakini itakuwa imetoka katika mkono unaoujua, na miaka yake itaanza nyumbani mwako.

Orodha ya kuhakiki kabla ya kulipa

☐ Nimetazama nyuma na chini, mchana.
☐ Nimepima chombo, na nimepima mlango wangu.
☐ Wadudu hawapo, au nimepanga dawa yao.
☐ Najua jina la mti na aina ya ngozi.
☐ Si kitu cha kabla ya Wahispania. Kama ni cha kanisa au cha historia, hati ya idhini ninayo.
☐ Risiti imeandika mji, fundi na umri.
☐ Nimeamua kitakaa wapi na kitafanya kazi gani.
☐ Wakala wa forodha amenijibu.

Ukishakamilisha yote haya, fanya jambo moja la mwisho ambalo wengi hulisahau: andika katika karatasi mahali kilikotoka chombo, aliyekitengeneza ikiwa wamjua, mwaka ulipokinunua, na kila tengenezo ulilofanya, kisha uibandike ndani ya droo au chini ya meza. Halafu kitumie bila hofu. Duara la kikombe litakalobaki juu ya ubao ni la nyumba yako, nalo lina haki ya kuongezwa juu ya yale uliyoyakuta.